Anyesi na Fedha za Kutunza Zizi

Anyesi Mayige alikuwa mpangaji mbaya kuliko wote niliopata kuwa nao. Mimi nina duka la vifaa vya ofisi hapa Bariadi, si mbali na stendi ya mabasi, na chumba cha mbele tulikigawana: upande mmoja mashine yangu ya fotokopi, upande wa pili meza yake na kompyuta kuukuu iliyokuwa nyeupe siku za ujana wake. Wageni walimjia tangu asubuhi. Wafugaji, wenyeviti wa vijiji, makarani wa minada, wote na vumbi lao miguuni. Walikaa kwenye benchi langu, wakanywa maji yangu, wakaulizana habari za mvua, na hakuna hata mmoja aliyenunua kalamu. Nilikuwa nikimwambia, "Anyesi, wateja wako wananimalizia sakafu." Naye alinijibu bila kugeuka, "Hao si wateja, dada Klementina. Wateja hulipa."

Alizaliwa Mwamanyili, kule ambako mashamba yanateremkia ziwani. Masista walimfundisha kupiga chapa, na akiwa binti bado akaajiriwa katika ofisi ya mifugo huku kwetu, enzi ambazo ofisi ya mifugo ilikuwa na gari, dawa na watumishi wa kutosha. Kisha yakaja mageuzi. Neno hilo lilikuwa redioni asubuhi na jioni. Pamba tuliyozoea kuiuza kwenye chama cha ushirika ikaanza kununuliwa na kila mwenye mzani. Majosho ya kuogeshea ng'ombe, tuliyoyajua kuwa ya serikali, tukaambiwa sasa ni ya wananchi. Wananchi tukayaangalia yakikauka. Ofisi nazo zikapunguza watu, na Anyesi akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alipewa kiinua mgongo na barua ya kumshukuru.

Wenzake walifungua genge, wengine kioski. Yeye kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta kutoka kwa mradi mmoja wa wafadhili uliokuwa unafunga virago. Nilidhani kichwa kimemruka. Mtaalamu wa mradi alimwachia na vitabu vyake vya Kiingereza, na Anyesi akajifunza kuandika programu kutoka kwenye vitabu hivyo, na kwa kuharibu mara nyingi. Kwa kula yake alichapa barua za watu na kadi za harusi. Kwa roho yake aliandika Zizi.

Zizi ni programu ya ng'ombe. Miaka ile wizi wa mifugo ulikuwa umetuchosha. Mwizi alichukua ng'ombe huku Bariadi, akamswaga kuelekea ziwani, akamuuza kwenye mnada wa wilaya ya jirani ambako hakuna anayemjua mwenyewe, na jioni ng'ombe alikuwa juu ya lori. Anyesi akaona kwamba wafugaji hawakosi habari, ila habari haisafiri. Kila ng'ombe ana chapa yake, mkato wake wa sikio, pembe zake, rangi yake. Kwenye rangi Kiswahili chetu ni masikini, lakini mfugaji wa Kisukuma ana neno la ng'ombe mwenye kiraka mgongoni na neno jingine la mwenye kiraka hichohicho kikishuka mpaka tumboni. Anyesi aliyaingiza yote. Mtu akiibiwa, habari iliingizwa Zizi, disketi ikapewa kondakta wa basi, na siku ya mnada karani alijua ng'ombe gani anatafutwa na nani.

Akafanya na jambo ambalo mimi, mfanyabiashara, lilinipandisha homa. Aliigawa programu bure. Si programu tu, aligawa na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiambia kompyuta la kufanya, ili anayejua ayasome, ayarekebishe apendavyo, na akisharekebisha amrudishie na yeye. Nilimuuliza kama ameona duka linalogawa ufunguo wa stoo. Akasema mimi nauza karatasi, na karatasi ikitoka haipo tena, lakini Zizi likitoka linabaki palepale. Nikamwambia tumbo lake halijui tofauti hiyo.

Lakini nilikuja kuona faida yake siku ya kisa cha Mkula. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hafugi wote nyumbani kwake. Wengine anawaweka kwa ndugu na marafiki, vijiji mbalimbali, ili ugonjwa au wezi wakiingia zizi moja asifilisike. Aliyewekewa anawachunga, na kwa jasho lake anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe si wake, na kila mtu anajua kwamba si wake. Kila mtu isipokuwa Zizi. Anyesi alikuwa ameweka nafasi ya jina moja tu, la mwenye ng'ombe. Basi bwana mmoja wa Mkula alitumwa na rafiki yake kuuza dume aliyewekewa, na karani alipotazama kwenye kompyuta akakuta jina la mwingine. Yule bwana akashikwa, akakalishwa chini juani kama mwizi mpaka rafiki yake alipofika.

Anyesi aliumia sana kwa kosa lile. Lakini kabla hajamaliza kulitafutia dawa, ililetwa disketi kutoka kwa mwalimu Mayala, mwalimu wa hesabu wa hukohuko Mkula ambaye hakuwa amewahi kumwona. Mayala alikuwa ameyafungua maandishi ya ndani na kuongeza nafasi ya pili, ya mtu aliyewekewa. Anyesi alifurahi kama mzazi aliyeletewa mahari. Alinizungusha dukani, mimi na unene wangu, mpaka rafu ya madaftari ikatikisika.

Kufikia mwaka 2005 Zizi lilikuwa kwenye minada yote ya upande wetu na karibu yote ya upande wa ziwa. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana kitu kikitumika sana kinaharibika sana. Kompyuta mpya zilikuja ambazo hazikutaka kuisoma programu ya zamani. Vibali vya kusafirisha mifugo vikabadilishwa. Huku ng'ombe mmoja anaonekana wawili, kule disketi imeliwa na vumbi. Kila kosa lilimletea mgeni kwenye benchi langu. Anyesi akawa hana nafasi ya kuchapa hata kadi moja ya harusi, na wenye harusi hawasubiri. Nilimwona akikonda. Kitenge kilekile, viatu vilevile.

Ndipo akaja Kristofa. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya kununua ng'ombe, ya Mwanza, kijana nadhifu anayefuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Kampuni ilitaka kulinunua Zizi pamoja na Anyesi mwenyewe: ajira, nyumba, matibabu. Sharti lilikuwa moja, maandishi ya ndani yafungwe, na kila mnada na kila kijiji kitakachotaka kutafuta ng'ombe humo kilipie. Alimpa muda mpaka mwisho wa Juni.

"Uza," nilimwambia Kristofa alipotoka. "Uza kabla hajafika stendi akabadili mawazo."

"Nikiuza," Anyesi alisema, "siku mama akiibiwa ng'ombe kule Mwamanyili, atalipa ili aambiwe kwamba ameibiwa."

"Na usipouza?"

Alikuwa akifuta vumbi kwenye vitufe kwa unyoya wa kuku, kazi aliyoifanya akiwa na wasiwasi. "Usiponiona nikibisha sana ujue nimechoka," alisema mwishoni. "Nitaomba fedha za umma. Kitu wanachotumia wote kitunzwe na mfuko wa wote. Nikikosa mpaka Juni, nitakwenda Mwanza, nao watalifunga Zizi."

Mfuko wa wote ulikuwepo. Ulikuwa ukipata sehemu ya ushuru wa minada, na bodi yake ilikuwa ya wafugaji wenyewe na maofisa wachache. Hapa nitauita Mfuko wa Mifugo tu, inatosha. Katibu wake aliitwa Januarius, mtu mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia kila anapotaka kukataa jambo. Siku Anyesi alipokwenda nilifunga duka nikamsindikiza, kwa kuwa namjua: akikataliwa anasema asante.

Januarius alisikiliza yote. Kisha akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mwenye mali ni nani, mayu?"

"Wote wanaoitumia."

"Wote hawana akaunti ya benki."

"Mimi ninayo."

"Lakini wewe si mwenye mali. Umesema mwenyewe." Akafikiri. "Na watu wa upande wa ziwa wanaitumia?"

"Wanaitumia sana."

"Basi hao nao walipe kwanza. Tusije tukawa tunawachungia wengine." Akavua kofia. "Tena majosho yametushinda, mayu, na majosho ni saruji, yanaonekana. Tutaweza kitu kisichoshikika?"

Anyesi akasema asante. Kesho yake alipanda basi mpaka upande wa ziwa, kwenye ofisi ya mifugo ya wilaya ya jirani, ambako walimkaribisha soda, wakamsifia Zizi, wakamwambia wao hawana fungu la bajeti kwa programu ya Bariadi. Alirudi jioni akakaa kwenye benchi, mahali pa wageni wake, kwa mara ya kwanza. Nilimpa chai ya maziwa. Alisema kule wanasema ni ya huku na huku wanasema ni ya kule, na angekuwa ameitengeneza mbaya, isiyotumiwa na mtu, ingekuwa rahisi kumpata mwenyewe. Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Kilichobaki ni bodi yenyewe, ambayo ilikaa Juni ikiwa imeanza kuisha. Wajumbe wengi walikuwa wafugaji wa haswa, na mwenyekiti wao alikuwa Zengo, baba mmoja mrefu mwenye ng'ombe vijiji vingi na maneno machache. Anyesi alikuwa ameandaa hotuba ya Kiswahili cha ofisini. Alisema uendelevu, alisema miundombinu, alisema wadau. Mjumbe mmoja alikuwa anasinzia, mwingine anachokonoa meno. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye viti vya wasikilizaji. Nikaona Anyesi amezikunja karatasi zake, akazitia kwenye mkoba.

"Baba Zengo," alisema, "wako wapi ng'ombe wako?"

"Wengine nyumbani. Wengine kwa watu."

"Aliyewekewa ng'ombe wako anakunywa nini?"

"Maziwa yake."

"Na samadi?"

"Ya kwake pia."

"Kwa nini umwachie? Si ng'ombe wako?"

Zengo alimtazama kama anayeulizwa na mtoto. "Kwa sababu ndiye anayeamka."

"Mimi nimewekewa ng'ombe mmoja na wafugaji wote," Anyesi alisema. "Wa huku na wa ziwani. Si wangu, ni wenu. Namchunga, namtibu, kila siku naamka. Lakini tangu nianze kuamka kwa ajili yake sijamkamua hata kikombe."

Aliyekuwa anasinzia aliamka. Walianza kuzungumza wao kwa wao kwa Kisukuma, wala si kwa ubishi, kama watu wanaosemeshana habari ya malisho. Hakuna tena aliyeuliza mwenye mali ni nani. Zengo akamgeukia Januarius akamwambia aandike kwamba aliyewekewa apewe maziwa yake. Januarius akaandika kwa lugha ya ofisi: ruzuku ya matunzo, mwaka mmoja. Tulipotoka nje Anyesi alinishika mkono mpaka ukaniuma. Kristofa alipokuja mwisho wa mwezi aliondoka na leso yake tu.

Ulikuwa mwaka mzuri ule. Anyesi alinunua viatu. Aliliandika upya Zizi ili liingie kwenye kompyuta mpya, yeye dukani kwangu na Mayala huko Mkula, wakitumiana vipande vya kazi kwa basi, na baadaye kwa barua pepe mji ulipopata mtandao. Alisafiri kwenda Lamadi, akakaa na makarani akiwafundisha. Nami nikaongeza benchi la pili, na nikaanza kuuza maandazi, maana nilikuwa nimegundua kwamba mfugaji hanunui kalamu lakini andazi analinunua.

Mwaka ulipokwisha, ilikuja pikapu ya Mfuko ikasimama mlangoni. Wakashuka Januarius, wabeba mizigo wawili, na Zengo mwenyewe amevaa koti lake la sherehe. Walikuwa na doti mbili za khanga na ndoo ya mafuta ya kupikia. Zengo alisalimia vizuri, mwadila mayu, Anyesi akaitika, wakaulizana habari za nyumbani kwa utaratibu wote. Ndipo akasema, "Umetunza vizuri, mayu. Wabeja, asante sana. Sasa tumejenga chumba ofisini, kina bati na kitasa. Tumekuja kumchukua ng'ombe wetu."

Mimi nilidhani sijasikia sawasawa. Anyesi alisikia. Kwetu ndivyo ilivyo: aliyeweka ng'ombe anakuja siku yoyote anayotaka, hatoi sababu, analeta shukrani, na aliyewekewa hafungi mlango wa zizi. Maziwa aliyokwisha kunywa ni yake, lakini ng'ombe anaondoka.

"Ule ulikuwa mfano," nilisema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko adabu. "Alikuwa anawaelewesha tu."

Zengo alinitazama bila hasira. "Alisema ni wetu. Tukamwamini, tukatoa. Alikuwa anatudanganya?"

Kweli niliwachukia wote kwa dakika ile, pamoja na mimi mwenyewe niliyepiga makofi kwenye kikao. Anyesi akajaribu. Aliwaambia ng'ombe huyu si kama wale wengine, kwamba ukimchukua anabaki, kwamba yuko Mkula na Lamadi na Mwamanyili, yule yule mzima, wala si kipande. Akawapa disketi mpya. Zengo akaigeuzageuza kiganjani, akamrudishia.

"Hii ni ndama," alisema. "Nimefuata mama."

Basi Anyesi alizima kompyuta. Alichomoa nyaya mwenyewe, moja moja, akaifunga kwa kitenge chake isipigwe vumbi njiani, akawaonyesha wabeba mizigo pa kushika. Pikapu ikaondoka. Mezani palibaki mraba safi mahali mashine ilipokuwa imekaa miaka yote.

Nilimuuliza kwa nini amewaachia mashine aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini sauti ilikuwa ya kawaida. "Nilisema mbele yao kwamba ng'ombe ni wao. Nikikataa leo, nilidanganya ili nipewe fedha."

Kesho yake nilimpa kompyuta yangu ya dukani. Mayala alileta Zizi kutoka Mkula, na kabla ya saa sita wageni walikuwa kwenye benchi wakihudumiwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilifurahi kwa chuki, nakiri, nikatangaza habari hiyo kwa kila aliyenunua andazi. Haikuchukua muda ikamfikia Zengo.

Alikuja peke yake, kwa baiskeli. Alikaa kwenye benchi kama mgeni mwingine yeyote, asubuhi yote. Aliona karani wa mnada akirekebishiwa vibali. Aliona mama mmoja wa upande wa ziwa akielezea ng'ombe wake kwa Kisukuma, rangi kwa rangi, na Anyesi akimwonyesha kwamba mnyama kama huyo amezuiwa kwenye mnada tangu juzi, akamfuate. Yule mama alikaa chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja.

"Kule kwetu ofisini," Zengo alisema chumba kilipobaki na sisi watatu, "ng'ombe wako amekaa kimya. Tumemfungia vizuri. Lakini haongei."

"Hana wa kuamka kwa ajili yake, baba."

"Na huyu?" Akaonyesha kompyuta yangu.

"Ndiye yuleyule."

Zengo alikaa akifikiri mpaka nikampa andazi bure, jambo ambalo silifanyi. "Kwa hiyo hata mtu wa ziwani akimchukua," alisema polepole, "hatupungukiwi."

"Hampungukiwi. Mayala alipomrekebisha kule, alirekebishika na huku."

"Basi kinachotakiwa kulipiwa si ng'ombe. Ni kuamka."

Sijui kama Anyesi alilala siku ile. Bodi ilikaa, naye akaitwa. Safari hii aliomba mambo mawili tu. Kwanza, kuamka huko kuwekwe kwenye bajeti ya kila mwaka, kama mshahara wa mtu, isiwe ruzuku ya kuombwaombwa. Pili, mtu huyo alihudumie Zizi kwa wote, wa huku na wa ziwani, na maandishi ya ndani yasifungwe kamwe. Wakajadili, wakakubali yote mawili. Walirudisha na kompyuta, na kitenge kimefuliwa. Nilichinja kuku. Tulikula mimi, yeye na Mayala aliyekuja kutoka Mkula, na kwa mara ya kwanza tulimsikia Anyesi akiimba.

Tangazo la kazi lilibandikwa, akaomba. Nani mwingine? Wiki chache baadaye Januarius alikuja dukani kwa miguu. Alivua kofia akiwa bado mlangoni, na mimi nikajua.

Kanuni za Mfuko, alisema, zilikataza mtu aliyepunguzwa na serikali na kulipwa kiinua mgongo kulipwa tena mshahara kutoka fedha za umma. Alikuwa ameuliza wilayani, ameuliza mkoani Shinyanga. Kila mahali walisikitika. Ruzuku ya zamani nayo isingeweza kuendelea, kwa sababu sasa kuna nafasi ya ajira kwa kazi ileile. Nafasi imepewa binti aliyemaliza chuo, anaitwa Joyness. Januarius aliikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa. "Binti mwenyewe ameomba kama unaweza kumfundisha," alisema.

"Atakuja lini?" Anyesi aliuliza.

Joyness alikuja Jumatatu, na siwezi kumsema vibaya ingawa nilijaribu. Alimwamkia Anyesi kwa kupiga goti, akatoa daftari, akasikiliza. Kila siku alikaa kwenye kiti cha Anyesi, mbele ya kompyuta yangu, na Anyesi kwenye stuli pembeni yake, akimwonyesha kila kona ya Zizi, pamoja na sehemu alizozionea aibu. Fedha ya mwezi ilipotoka Joyness alitaka kumgawia. Anyesi alikataa, akasema kanuni ni kanuni, akarudi kuchapa kadi za harusi kwenye kompyuta yake kuukuu, aliyoihamishia kwenye kona ya mashine yangu ya fotokopi.

Ilifika siku akaingia mfugaji mmoja wa Mwamanyili, mtu wa nyumbani kwao kabisa, na tatizo kwenye disketi. Alikwenda moja kwa moja kwa Anyesi, kama walivyozoea wote. Anyesi alinyoosha mkono kuipokea, kisha akaurudisha mapajani.

"Mpe huyo dada," alisema. "Yeye ndiye anayeamka."

Nilisubiri mfugaji aondoke na Joyness atoke kwenda kula. Nilikuwa nimejaa. Nikamwambia wamemnyang'anya mchana kweupe, na kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi, na kwamba ningekuwa mimi ningemfuata Kristofa Mwanza kwa miguu.

"Inaniuma, Klementina," alisema. "Usidhani hainiumi. Nakaa nikiiangalia ile meza, inaniuma mpaka kwenye vidole." Akatoa kadi ya harusi kwenye printa, akaitazama kama majina yamekaa katikati. "Lakini niliomba fedha za Zizi. Sikuomba fedha za Anyesi. Zimepatikana."

Nilitaka kubishana naye. Nikachukua ile kadi nikaenda kuikata kingo.